Virusi Waliwajua, Wanafunzi Je?

Ukisoma habari za vyuo na UVIKO-19, hukosi kukutana na sifa za Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, Marekani. Mimi pia nakisifu, ila nina neno.

Tuanze na walichopatia. Mwaka 2020 wanakemia wa chuo hicho walitengeneza kipimo cha mate. Wakati maabara duniani zinagombania kemikali za kutenganisha RNA ya kirusi, wao walipasha mate joto la nyuzi 95 kwa dakika 30, kisha moja kwa moja kwenye PCR. Hatua nzima ikarukwa, na jibu likatoka ndani ya saa chache. Muhula ulipoanza tarehe 24 Agosti, wanafunzi walikuwa wanapimwa mara mbili kwa wiki. Simu yako isipoonyesha kwamba umepima na uko salama, jengoni huingii.

Wanafizikia wawili, Nigel Goldenfeld na Sergei Maslov, wakaunda modeli ya kukadiria maambukizi. Na jamani, hawakuwa wazembe. Walijua vijana watafanya sherehe, wakaziingiza sherehe kwenye hesabu. Walijua barakoa zitavuliwa. Kilichowaponyoka ni kimoja: mtu ameshapewa jibu kwamba anaumwa, halafu anakwenda kwenye sherehe hivyo hivyo. Wapo waliofanya hivyo. Wengine hawakupokea hata simu za idara ya afya. Maambukizi yakapanda kuliko ilivyotarajiwa.

Hapa chuo kinastahili sifa. Tarehe 2 Septemba, siku tisa tu tangu muhula uanze, kilibadilisha mpango. Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliambiwa kwa wiki mbili watoke kwa mambo ya lazima tu: masomo, chakula, kupima na mengine machache. Kikaundwa kikosi cha kumpigia aliyeambukizwa ndani ya dakika 30 baada ya jibu kutoka. Makazi yenye wagonjwa wengi yakapimwa mara tatu kwa wiki. Maambukizi yakashuka.

Sasa neno langu. Kosa lile lilielezwa zaidi kama utovu wa nidhamu wa wachache, na adhabu zikatolewa. Sawa, lakini hilo ni jibu la mlezi wa bweni, si la mwanasayansi. Kipimo kinakupa taarifa tu, hakikupi sababu ya kuifuata. Ukimfungia kijana wa miaka 18 siku kumi chumbani, peke yake, kwenye wiki zake za kwanza chuoni, gharama ya kusema ukweli ni kubwa. Ukiongeza adhabu, unaweza kumfundisha kujificha vizuri zaidi.

Najua kwa sababu nimejificha. Nikiwa mwaka wa kwanza niliingia kwenye jaribio macho yangu yakiwa mekundu, yanatoa tongo, na nilijua kabisa kwamba yanaambukiza. Sikuwa natafuta starehe. Kukosa jaribio kulimaanisha barua, muhuri wa daktari na foleni kwenye ofisi tatu, na bado unaweza kupewa sifuri. Jirani yangu aliugua siku chache baadaye. Sikumwambia.

Kwa hiyo ukionyeshwa modeli ya mlipuko, hata iwe na grafu nzuri kiasi gani, usiulize tu kirusi kinasambaa kwa kasi gani. Uliza pia: mgonjwa akisema ukweli, anapoteza nini? Chuo kinachoweza kupunguza hicho anachopoteza kimeshaanza kupunguza maambukizi, hata kabla ya kununua mashine ya PCR.