Mtani na Jembe Moja: Uhakiki wa Onyesho la Msibani Uluguruni

Katika mihadhara ya fasihi simulizi tumezoea kupewa utani kwa dakika tano. Unatajwa, mtu mmoja nyuma ya darasa anatoa mfano wa Wahehe na mbwa, tunacheka, kisha tunahamia kwenye vitendawili. Makala hii inakusudia kuurudisha utani jamvini, kwa sababu mwandishi ameona onyesho moja la utani lililofanya kazi ambayo kesi ya miaka mitatu haikuifanya, na pia ameona siku ambayo utani huo huo ulikaa kimya pale ulipohitajika. Mambo haya mawili yananisumbua kwa pamoja, na sitaki kuyatenganisha.

Tuanze na suala la utanzu. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, Na. 21, 1989), ameyaweka malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo, jirani na hotuba na soga. Uainishaji wake umetusaidia sana, hasa kwa kusisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira na mandhari, wala si maneno matupu. Lakini ni kwa kigezo hicho hicho cha tukio ndipo ninapothubutu kubishana naye. Nilichokiona mimi upande wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, hakikuwa mazungumzo. Kilikuwa mchezo wa kuigiza, tena wenye mgogoro, kilele na vifaa vya jukwaani.

Aliyefariki alikuwa bibi yangu, mdogo wake bibi mzaa mama. Ndugu msomaji asiye wa kwetu akumbuke kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo ni lukolo, na tawi lake dogo huitwa tombo, yaani titi. Neno hilo hilo ndilo limelipa eneo la Matombo jina lake. Ardhi hufuata titi. Sasa bibi huyu aliacha wana wawili waliokuwa wakilima shamba moja la migomba na minanasi, na kwa muda mrefu walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Walianza kwa wazee, wakaenda kata, mwisho wakashuka hadi mjini Morogoro kwenye baraza la wilaya. Nauli, karatasi, tarehe za kuahirishwa. Mmoja alishinda, akarudi na nakala ya hukumu ndani ya mfuko wa nailoni. Kuanzia siku hiyo mama yao alipika katika vyungu viwili.

Siku ya maziko alikuja mtani. Ni mzee wa ukoo unaotaniana na ukoo wetu, na alikuja akiwa amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo yake, anakohoa kikohozi chake kile kile cha alfajiri. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na waliokuwa wanacheka wakaanza kulia. Alipofika mbele ya jeneza akasema, kwa sauti ya marehemu, "Sizikwi." Wazee wakamwuliza kulikoni. "Nasubiri chai ya wanangu. Birika moja." Akatoza faini, kuku mmoja mmoja na shilingi elfu mbili kila mwana. Zikalipwa. Hakuridhika. Akaenda kukaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akakataa kuondoka. Wale wana wawili walipokuja kila mtu na jembe lake ili watupie udongo, akayanyakua yote mawili. "Majembe mawili ya nini? Mlizaliwa kwa matumbo mawili?" Akalitupa moja huko migombani. Wakashika mpini mmoja, mikono minne, wakavuta udongo wa kwanza. Hapo mtani akatoka shimoni, akajikung'uta, akaanza kudai nyama.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa makusudi, kwa kuwa wengi walioandika juu ya utani wametuachia kanuni bila onyesho. Radcliffe-Brown katika makala yake ya 1940 alituambia kwamba utani ni uhusiano unaoruhusu mtu kumvunjia mwenzake heshima bila mwenzake kuruhusiwa kukasirika. Sawa. James Christensen, aliyeandika hasa juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, aliongeza upande wa wajibu: mtani anakutukana, lakini ndiye huyo huyo anayekuhudumia siku ya msiba. Hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Stephen Lucas na wanafunzi wake walikusanya majuzuu kadhaa ya habari za utani katika miaka ya 1970. Kazi hizi zina thamani. Ila zinaeleza kwa nini mtani hachukiwi; hazielezi kwa nini mtani huyu alichagua birika na jembe badala ya, tuseme, kuimba au kuhutubia. Hilo ni swali la fani, na ni letu sisi wa fasihi.

Jibu langu ni hili. Mtani hakusema hata mara moja neno "mpaka" wala "shamba". Hakumtaja aliyeshinda wala aliyeshindwa. Alihamisha ugomvi mzima kutoka kwenye ardhi akauweka kwenye vitu vya mama: birika, kikohozi, tumbo, mpini. Pia alisema kwa nafsi ya kwanza ya marehemu, na hapa ndipo penye nguvu ya sanaa yake. Mwanasheria husema "mteja wangu". Mzee wa baraza husema "sisi wazee tumeona". Mtani anasema "mimi", na mimi huyo ni mtu ambaye hakuna mwana anayeweza kumjibu. Ukikasirika umemkasirikia mama yako aliyelala pale. Ukinuna utatozwa tena.

Tulinganishe na fasihi yetu andishi. Tangu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) tumejifunza kuipenda mahakama kama jukwaa: Karama anasimama, Majivuno anashitaki, hoja zinapangwa siku baada ya siku, na haki inapatikana kwa ufasaha wa mshitakiwa. Ni ndoto nzuri, na katika nchi iliyokuwa chini ya mkoloni ilikuwa ndoto ya kijasiri. Lakini inamdai mwenye haki awe msemaji hodari. Wale wajomba zangu wawili si wasemaji. Mmoja ana kigugumizi. Katika onyesho la msibani hakuna aliyetakiwa kujieleza. Hakuna aliyekiri kosa. Hapo ndipo utani unapoachana hata na ndugu zake wa jirani. Gacaca ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zaidi ya milioni 1, ililalia upande wa kukiri: sema ulichofanya, omba radhi, upunguziwe adhabu. Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini, iliyoanza vikao vya hadhara mwaka 1996, nayo ilimtaka mtu aseme yote ndipo asamehewe. Mtani anataka mikono tu.

Je, ile ilikuwa haki? Hapa lazima niseme ukweli ambao wapenzi wa mila hawaupendi. Mpaka haukusogea hata hatua moja. Minanasi imebaki pale pale ilipowekwa na karatasi ya mjini. Mjomba aliyeshindwa bado ana shamba dogo kuliko mwenzake, ila sasa anasalimiwa. Kwa hiyo mtani hakurekebisha kilichoharibika katika mali. Alirekebisha kilichoharibika baina ya watu, na hayo ni mambo mawili. Rafiki yangu mmoja wa sheria aliposikia kisa hiki alisema, "Basi huo ni usuluhishi, si haki." Nikamwambia kwamba Bunge lenyewe limeelekea huko: mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985 na kupewa sehemu katika migogoro ya ardhi kwa sheria ya 2002, yalinyang'anywa mwaka 2021 uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, yakaachiwa kazi ya kupatanisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angalau sheria ya 2002 inataka wajumbe watatu wa baraza la kata wawe wanawake. Kwa watani nani anahesabu?

Swali hilo lilinirudisha kwenye jambo la pili, ambalo nilikuwa nimelikwepa.

Katika kijiji hicho hicho, mwaka mmoja kabla ya msiba, binti wa darasa la sita alipata mimba. Mhusika alijulikana. Wazee walikaa upenuni, wakala kiapo cha amani, mbuzi akatolewa na fedha kiasi, na fedha hizo akapokea mjomba wa binti, kwa sababu katika ukoo wa mama msemaji ni mjomba. Wakasema yamekwisha. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inataka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa anayebaka, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Lakini tangu upenu ule hadi kituo cha polisi ni safari ndefu, na kila aliyekuwepo alikuwa jamaa wa mwenzake. Binti hakuitwa kwenye kikao. Alikuwa jikoni, anasaidia kupika ubwabwa wa wapatanishi.

Sasa hapa mhakiki afanye nini? Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya ustawi wa jamii, sisi tushughulike na fani. Sikubali. Kile kikao cha upenuni nacho kilikuwa onyesho. Kilikuwa na jukwaa, wahusika, maneno ya kimapokeo, mbuzi kama kifaa cha jukwaani, na mwisho wa kula pamoja. Ukikichambua kwa kigezo cha fani tu, kinafanana na onyesho la kaburini kama pacha. Tofauti yake ni moja: nani anapewa sauti ya asiyekuwepo. Kaburini, asiyekuwepo alipewa mwili, kanga, fimbo na kikohozi. Upenuni, asiyekuwepo alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, yu hai, na hakuna aliyejifunga kanga yake.

Watu wa nje wanapoisifu Uluguru kwamba ardhi hufuata wanawake, huwa natabasamu. Ardhi hufuata wanawake, maneno hufuata wajomba. Penina Muhando, ambaye ni mzaliwa wa mkoa huu huu wa Morogoro, aliliona jambo la namna hii mapema. Katika Nguzo Mama (1982) wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo yao na wanashindwa, na msomaji mvivu humaliza kwa kusema "ona, wanawake hawapendani". Mimi nadhani mtunzi alitaka tutazame pia kamba zilizofungwa miguuni mwao. Ni mwandishi huyo huyo, kwa jina la Mlama, aliyekuwa miongoni mwa walioendesha kazi za sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini katika miaka ya 1980, na Mkambalani, hapo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ni mojawapo ya vijiji vilivyofikiwa. Mbinu yao ilikuwa kuwapa wanakijiji wenyewe ngoma zao na michezo yao ili waseme yasiyosemwa kikaoni. Kwa lugha nyingine walikuwa wakimtafuta mtani wa walio hai.

Kuna mpaka mwingine wa utani, niutaje kwa ufupi ingawa unastahili makala yake. Utani huhitaji historia ya pamoja. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na wajukuu zao leo wanataniana. Lakini mkulima na mfugaji wa bonde la Kilosa hawajafika huko. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, na katika misiba ile hakukuwa na mtu wa upande wa pili aliyeruhusiwa kuja kuigiza kikohozi cha marehemu. Inawezekana utani ni kovu, na kovu haliji kabla ya kidonda kufunga. Sijui kama naweza kuwaambia watu wa Kilosa wasubiri vizazi viwili.

Nirudi kwa mzee wetu. Likizo iliyopita nilimkuta kibarazani kwake, anamenya mihogo. Nikamsalimu, "Shikamoo babu," akaitikia kwa tusi, kama inavyompasa. Nikamsifu kwa siku ile ya jembe, akafurahi, akaniigizia tena kile kikohozi. Ndipo nikamwuliza kwa nini kwenye shauri la yule binti hakwenda upenuni akawavuruga wazee, naye ni mtani wa ukoo ule na hakuna ambaye angemkamata.

"Mjukuu wangu," akasema, "mtani husemea maiti. Yule mtoto ana mdomo."

"Aliulizwa?"

Akaendelea kumenya. Alipomaliza muhogo ule akachukua mwingine, akasema kwamba enzi zao watani wa kike walikuwa wengi na wabaya kuliko wanaume, wanaweza kumvua mzee kofia mbele za watu, na kwamba dada yake mwenyewe aliwahi kuvunja kikao cha mahari kwa kuingia akiwa amebeba mchi mgongoni kama mtoto. Nikamwuliza yuko wapi dada huyo. Yuko Kisaki, akasema, kama bado anaona njia. Nimeomba nauli kwa mama ili niende kumsikiliza mwezi wa nane.