Pongezi kwa Losange

Studio ndogo ya Paris, Les Films du Losange, inastahili pongezi hata kutoka Arua na Koboko, hapa Uganda. Barbet Schroeder na Éric Rohmer waliianzisha mwaka 1962 wakiwa na fedha kidogo. Ndani ya mwongo mmoja ikatoa La Collectionneuse (1967), Ma nuit chez Maud (1969), Le Genou de Claire (1970) na More ya Schroeder mwenyewe, yenye muziki wa Pink Floyd. Siri yao ilikuwa kumwacha mtu aseme mpaka ajianike mwenyewe.

Ufundi huo Schroeder alikuja nao Uganda, pamoja na mpiga picha Néstor Almendros, kutengeneza filamu ya 1974 juu ya Idi Amin, mtawala wa nchi wakati huo, Mkakwa ambaye asili yake ni Koboko. Hawakumkatiza. Amin anapiga akodiani, anawatembeza mtoni, anajisifu. Kisha kikao cha baraza la mawaziri: anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga, Mlugbara. Msimulizi anatuarifu kwamba wiki mbili baadaye mwili wa Ondoga ulikutwa katika Mto Nile.

Amin alitaka vipande vikatwe, akawashikilia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vikakatwa. Alipoanguka, vikarudishwa.

Wenye vibanda vya video Arua na Koboko, ionyesheni filamu hii hata usiku mmoja. Vijana wetu wana haki ya kuiona na kuihukumu wenyewe.