Kulikiza: Neno Lenye Maana Mbili katika Lishe ya Mtoto

Tangu kuundwa kwa Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na kampeni ya Chakula ni Uhai iliyofuata mwaka 1975, lishe imekuwa somo la hadhara katika nchi yetu. Baadhi ya istilahi zake zimefaulu sana. Udumavu, kwa mfano, latokana na dumaa, kitenzi ambacho mkulima hukitumia kwa mche uliogoma kukua, halihitaji mfasiri. Hatuwezi kusema hivyo juu ya kulikiza.

Kamusi zetu zasema kwamba kulikiza mtoto ni kumwachisha ziwa. Likizo, neno lipendwalo na kila mtumishi wa Serikali, lina shina hilo hilo la kuachia. Hata hivyo, vitabu na vipeperushi vya afya vimekuwa vikiandika "chakula cha kulikiza" kwa maana ya chakula ambacho mtoto huanza kupewa afikishapo miezi sita. Hapo ndipo penye hatari. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Mama aambiwaye amlikize mwanawe katika mwezi wa saba akitii kamusi, atamnyima ziwa ilhali mtoto bado analihitaji.

Mahali kama Buzuruga, mjini Mwanza, jambo hili lina uzito wa pekee. Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya huishi pamoja huko. Muuguzi na mama wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani hukutana katika Kiswahili, na neno likipotoka hakuna lugha nyingine ya kulinyosha.

Waandishi wengine wamehamia "chakula cha nyongeza". Ni afadhali, kwa kuwa ziwa halikuondolewa. Lakini nyongeza, kama ile ya mshahara, ni kitu ambacho mtu aweza kukikosa na maisha yakaendelea; mtoto wa miezi minane hawezi kukikosa chakula hicho.

Tena kuna "uji laini". Mwandishi amekusudia uji usio na mabonge. Msomaji aelewa uji mwepesi, na mtoto hujazwa maji tumboni. Uji unaofaa ni ule usiotiririka upesi kutoka kijikoni, uliotiwa karanga au unga wa dagaa, ambao Ziwa halijatunyima. Kimea nacho huufanya uji wenye unga mwingi umezeke bila kuongezwa maji. Basi laini na mwepesi visichanganywe.

Kwa maoni yetu, kulikiza libaki na maana yake ya kamusi. Hatua ya miezi sita iitwe kumwanzishia mtoto chakula, na kila linapochapishwa neno hilo yaongezwe maneno matatu: "huku akiendelea kunyonya".