Mwalimu Aliyejisikiliza

Watoto wakishaondoka, Vivian Paley alifungulia kinasa sauti chake na kuyaandika neno kwa neno yaliyosemwa darasani siku ile. Alifundisha chekechea kwa miaka mingi katika Laboratory Schools za Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Mwanzoni kanda zilimuumbua: alijisikia akiwakatiza watoto kauli, akikimbilia jibu alilolitaka yeye. Mwingine angeizima mashine. Yeye aliyaandika na hayo.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wake. Katika vitabu vyake mwalimu si shujaa. Huchukua jambo dogo, pengine ugomvi kwenye kona ya wanasesere, akawaacha watoto waseme kwa lugha yao ya miaka mitano, kisha akauliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Halazimishi. Kurasa kadhaa mbele mtoto mwingine anatamka neno, na swali lile linageuka sura. Msomaji anafikiri pamoja naye, hatua kwa hatua, bila kuhubiriwa.

Katika White Teacher, cha 1979, mwalimu huyu mzungu mwenye wanafunzi weusi na weupe anatambua kwamba ukimya wake kuhusu rangi ya ngozi, aliodhani ni heshima, uliwanyima watoto kutambuliwa walivyo. You Can't Say You Can't Play, cha 1992, kinasimulia kanuni moja: asiwepo mtoto wa kumkataza mwenzake kujiunga na mchezo. Kabla ya kuiweka, Paley aliwaendea wanafunzi wakubwa kuwauliza maoni, na pingamizi zao akazipa nafasi kamili kitabuni. Kumheshimu mtoto kwa kalamu ni huko.

Mwaka 1989 alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo ni nadra kumfikia mwalimu wa chekechea. Alifariki mwaka 2019.

Walimu wetu wa Tanzania nao huandika kila siku. Andalio la somo lina sehemu ya tathmini, na mara nyingi hujazwa sentensi ileile: somo limeeleweka. Mwalimu mwenzangu, tafuta daftari la pembeni, lisilokaguliwa na yeyote. Leo andika alichosema mtoto mmoja, kama alivyokitamka, na ulichomjibu. Usijisafishe. Kesho kisome kabla hujaingia darasani.