Kufunga na Kufungua: Lugha ya Imani kwa Watoto wa Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulika sana na lugha ya dini katika tenzi na kasida, lakini wameshughulika kidogo mno na lugha ambayo kwayo mtu mzima humweleza mtoto mdogo habari za Mungu. Lugha hii haina kitabu kimoja kiwezacho kuchambuliwa. Imo katika wasia wa wazazi, katika chuo cha Kurani, katika mafunzo ya kanisani, katika makatazo ya wazee wa kaya, na katika maneno ya kila siku jikoni na uani. Hata hivyo ina fani yake na maudhui yake, na yafaa ipimwe kama utungo mwingine wowote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo chake kimo katika sarufi ya Kiswahili yenyewe, yaani katika kauli ya kutendua.

Kutega na kutegua

Mtoto wa pwani hukutana na kauli hii mapema. Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Wasikilizaji wakishindwa humpa mtegaji mji, naye hupaswa kulitoa jawabu. Fumbo hufumbwa, kisha hufumbuliwa. Ngano ya zimwi nayo, hata iwe ya kutisha namna gani, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na mtoto hulala akijua kuwa zimwi limebaki ndani ya ngano. Kanuni ya fani hizi ni moja: mtu mzima anayelifunga jambo mbele ya mtoto amejiwekea deni la kulifungua.

Kanuni hii huvunjwa pale jina la Mungu linapogeuzwa kiboko. Mtoto amwagaye uji huambiwa kwamba Mungu atamchoma. Akatayeye kulala huambiwa kwamba Mungu anamwona. Usemi huu wa pili ungeweza kuwa wa faraja, kwa kuwa aonwaye hayuko peke yake gizani, lakini aghalabu hutamkwa kwa sauti ya askari. Hapo Mungu hupewa kazi ya zimwi, tena zimwi lisilo na mwisho wa ngano. Mtoto akiuliza sababu, huambiwa hana adabu. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hutajwa kama hoja ya kulinyamazisha swali hilo, ilhali methali yenyewe inasifu ubichi, yaani ule uwezo wa kukunjwa na kukunjuka bila kuvunjika.

Wasia wa mama

Katika fasihi ya pwani ya kaskazini, mfano ujulikanao zaidi wa mzazi kumfunza mwanawe dini ni utenzi wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, uliotungwa mwaka 1858. Ni kweli kwamba binti aliyeusiwa hakuwa mtoto mchanga; lakini fani ya utenzi huu inafaa kutazamwa. Mama, naye ni mgonjwa, anamwita binti akae karibu, na ashike wino na karatasi. Mafunzo ya dini yanaanza kwa ukaribu wa miili miwili na kwa mkono wa mwanafunzi unaoandika. Mama hasemi na umati. Anasema na mtu mmoja ampendaye, na mwishoni anamwombea dua.

Hata hivyo utenzi huu una mahali ambapo haufunguki. Mtunzi anayataja makundi ya radhi ambazo binti lazima azitafute, ya tano ikiwa ya mume, kisha anasema kwamba siku ya kiyama mume ndiye atakayeulizwa mke aende wapi, peponi au motoni. Binti hana ubeti hata mmoja wa kujibu. Wahakiki wengi wamelijadili jambo hili kama suala la nafasi ya mwanamke, na hawakukosea. Lakini ni suala la malezi ya imani vilevile: wokovu wa nafsi moja umetiwa mkononi mwa binadamu mwingine, na hakuna aliyepewa ufunguo.

Chuo, kaya na saumu

Chuo cha Kurani mara nyingi hulaumiwa kwa kuwakaririsha watoto maneno ya Kiarabu wasiyoyaelewa. Lawama hii ina ukweli, ila inapima nusu moja tu ya kazi. Kukariri ni kufumba; kosa huwa pale mwalimu asipofumbua mtoto anapokua. Katika kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi ya misitu yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, mtoto huelezwa mambo ya Mulungu kwa maneno machache. Anaona wazee wakiomba mvua, na anaambiwa kwamba mti huu haukatwi. Katazo hilo nalo lina ruhusa yake, maana kwa idhini ya wazee dawa huchumwa humo.

Neno linalodhihirisha kanuni hii zaidi ni kufunga. Kwa Mwislamu, saumu ambayo jua likitua haifunguliwi si ibada. Mtoto asiyebaleghe hafaradhishiwi, wala mgonjwa na msafiri hawalazimishwi. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto mdogo atakaye kufunga kama wakubwa huachwa afunge hadi adhuhuri, kisha akala, na wakubwa wakampongeza. Mchezo huu una hekima: mtoto anajifunza utamu wa kujinyima pamoja na mpaka wake. Kanisa Katoliki, ambalo lina jimbo lake Malindi tangu mwaka 2000, nalo humfaradhishia mfungo mtu aliyetimiza miaka 18. Dini mbili zenye tofauti nyingi zimekubaliana kwamba tumbo la mtoto si mahali pa kuthibitishia imani ya mzazi.

Shakahola

Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, katika Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Walihusishwa na kanisa la mhubiri Paul Mackenzie, lililokuwa Malindi hadi mwaka 2019, na wafuasi wake walitoka sehemu mbalimbali za Kenya. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, wakiwamo watoto, walikabwa roho au kupigwa. Februari 2024 mhubiri huyo na wenzake 29 walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa kuwaua watoto 191, waliyakana mashtaka.

Upande wa mashtaka ulieleza kwamba wafuasi walihimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kwa mhakiki wa lugha, hapa neno kufunga limekatwa nusu yake. Limeondolewa machweo, futari, umri na ugonjwa. Limebaki kitenzi kisicho na kauli ya kutendua. Mahubiri yale yalipinga pia shule na hospitali, na kwa njia hiyo yaliwaondoa mwalimu na daktari, watu ambao wangeweza kumfungulia mtoto. Mtoto mwenye njaa huomba chakula. Mahali kama pale, ombi hilo lilikuwa swali la kidini lililo zito kuliko yote: je, Mungu hataki nile?

Yaweza kudaiwa kwamba watu wale waliuawa na jinai, wala si sarufi. Dai hili ni la haki. Lakini jinai ya namna ile huhitaji wasikilizaji waliokwisha kuzoezwa kwamba neno la Mungu huingia upande mmoja tu, na mazoezi hayo huanza utotoni, katika nyumba za watu wema wasiomdhuru mtu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba urithi wa lugha wa pwani hii, wa Mwislamu, wa Mkristo na wa mtu wa kaya, unayo kanuni ya kumlinda mtoto: kila kifungwacho mbele yake kiwe na wa kukifungua. Urithi huo wenyewe haukuitii kanuni hii daima, kama utenzi wa Mwana Kupona unavyoshuhudia. Watungao vitabu vya mafunzo ya dini kwa shule za msingi, na wafundishao chuoni na kanisani, wangefaa kupimwa kwayo. Swali la kuwauliza ni jepesi: katika somo hili, mtoto amepewa wapi nafasi ya kusema kwamba hajaelewa, na nani atamjibu?