Kwa Nini Shali Humalizika na Sweta Hubaki Kikapuni

Anayefuma akaacha njiani huitwa mvivu, na anayemaliza husifiwa subira. Maelezo hayo mepesi hayakosekani hata Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, ambako theluji hulala chini kwa miezi na hakuna nyumba isiyo na droo ya kofia na glavu. Lakini ukizitazama kazi zenyewe, zilizokamilika na zilizosahauliwa ndani ya mifuko chini ya kitanda, utaona jambo lisiloelezwa na tabia ya mtu. Mfumaji yuleyule, katika mwaka uleule aliobadili kazi na kufiwa na mbwa wake, hukamilisha shali kubwa akashindwa kurudi kwenye sweta iliyobakiza mikono tu. Ninachokitetea hapa ni kwamba tofauti hiyo huanzia kwenye kazi kabla ya kufika kwa mtu. Kila kinachofumwa kina kumbukumbu yake: umefika wapi, kinafuata nini, ubadili lini. Kumbukumbu hiyo ikikaa kwenye kitambaa, kazi inaweza kusubiri hata mwaka mzima. Ikikaa kichwani mwa mfumaji, hupotea siku maisha yanapogeuka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni shali ya duara ya Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani na kuishi Wisconsin, jimbo jirani na Minnesota. Katika kitabu chake Knitter's Almanac cha 1974, ambacho kila mwezi una kazi yake, shali hiyo aliipangia Julai, mwezi wa safari, na hapo tayari alikuwa anafikiria mtu anayefuma huku anakatizwa. Msingi wake ni hesabu ya shule ya msingi: kipenyo cha duara kikiongezeka maradufu, mzingo nao huongezeka maradufu. Unaanza na vitanzi 9. Baada ya mzunguko 1 unavifanya 18. Mizunguko 3, vinakuwa 36. Mizunguko 6, vinakuwa 72. Mizunguko 12, vinakuwa 144. Mizunguko 24, vinakuwa 288. Mizunguko 48, vinakuwa 576. Kati ya ongezeko moja na jingine hakuna uamuzi wowote. Ukanda wa vitanzi 288 peke yake una vitanzi 13,824 ambavyo havikuulizi chochote. Aliyeiweka kando Machi akaiokota Oktoba hahitaji karatasi. Anahesabu vitanzi vilivyo kwenye sindano, vikiwa 288 anajua amebakiwa na ongezeko moja, kisha anautafuta mduara wa matundu madogo ulioachwa na ongezeko lililopita na kuhesabu mizunguko kutoka hapo hadi ukingoni. Akikosea kwa mizunguko miwili hakuna atakayeona, hata yeye mwenyewe. Uvumilivu huo wa kosa ni sehemu ya ubunifu wenyewe, na kwa maoni yangu ni werevu mkubwa kuliko hesabu ya duara inayosifiwa sana.

Zimmermann alifanya jambo linalofanana na hilo kwa sweta. Maelekezo ya kawaida huorodhesha saizi nyingi kwa mpigo, namba moja baada ya nyingine ndani ya mabano, na mfumaji hulazimika kukumbuka ni namba ya ngapi iliyo yake na wapi aliamua kuibadili kidogo. Karatasi ikipotea, sweta imepotea. Yeye alihesabu kila kitu kwa asilimia ya kiwiliwili. Vitanzi vya kifuani ndivyo 100, pindo la mkono ni kama 20, na sehemu pana ya mkono ni kama 33. Kiwiliwili chenye vitanzi 200 kitahitaji 40 kwenye pindo la mkono na takriban 66 karibu na kwapa. Kwa hiyo kiwiliwili kilichofumwa na kutelekezwa kimebeba ndani yake maelekezo ya mikono ambayo bado haipo. Wanawake wa Ukambani na Ukikuyu wanaosuka kiondo huku wakitembea wanafanya kazi ya namna hiyo bila asilimia yoyote: kitako huanza, nyuzi zinazoning'inia huonyesha upana ulipofika, na mkono huendelea pale ulipokoma.

Kazi mpya ya kuajiriwa huvuruga ufumaji kwa njia mbili, na ya kwanza ndiyo rahisi. Muda hukatika vipande. Treni ya Green Line, iliyoanza Juni 14, 2014 na kuunganisha katikati ya miji hii miwili kwa njia ya takriban kilomita 18, humpa abiria kiti na muda usiofika saa nzima, na kituo chake hufika akiwa katikati ya mstari. Soksi au kofia hukubali kukunjwa hapohapo na kutiwa kwenye mfuko wa koti. Kiwiliwili cha sweta kinachojaa mapaja hakikubali. Njia ya pili huonekana baadaye, nayo ndiyo mbaya: mkono wenyewe hubadilika. Aliyehamia kwenye ghala la Shakopee, kusini magharibi mwa Minneapolis, ambako Waafrika Mashariki wengi hubeba na kupanga mizigo, au aliyeanza zamu za saa 12 hospitalini, harudi kwenye sindano na vidole vilevile. Tuseme alikuwa akipata vitanzi 20 katika sentimita 10, na sasa kwa kubana uzi anapata 22. Vitanzi 200 vilivyokuwa vitoe mzunguko wa sentimita 100 vitatoa karibu 91. Sentimita 9 zinatosha kuifanya sweta ya kuvaa juu ya shati ikatae kupita kifuani. Hapa hoja yangu inapata mpaka wake, kwa kuwa kitambaa huandika mabadiliko ya mkono lakini hukuonyesha ukiwa umekwisha kuchelewa. Dawa yake ni ya kifundi. Aliyekaa mbali na kazi kwa muda hupima baada ya mizunguko michache ya kwanza, na kama amebana hupanda sindano nene zaidi kwa nusu milimita au robo. Mikono miwili huifuma pamoja juu ya sindano moja ya duara, mstari wa huu kisha mstari wa ule, ili uchovu wa Februari ugawanyike sawa kulia na kushoto.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni kuzunguka mbuyu, kwa sababu kinachomrudisha mtu kwenye sindano ni utulivu anaoupata. Hutaja utafiti wa Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, uliochapishwa 2013 katika British Journal of Occupational Therapy, ambao ulikusanya majibu ya wafumaji 3,545 na kuona kwamba wanaofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha. Sina ugomvi na majibu hayo. Nina ugomvi na matumizi yake. Waliojibu ni wafumaji waliojitokeza wenyewe. Ambaye sindano zilimshinda katika mwaka mgumu hakuwa kwenye hesabu, na kumwona mtu mtulivu anafuma hakutuambii kipi kilitangulia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema kazi rahisi huiacha akili izurure, na akili yenye majonzi ikizurura hurudi palepale panapouma, hivyo mfadhaiko unahitaji muundo mgumu wa kuikamata. Wana ushahidi mzuri, na mji wenye American Swedish Institute tangu 1929 hauwezi kuupuuza. Katika mkoa wa Bohuslän, Sweden, machimbo ya mawe yalipokosa kazi miaka ya 1930, wake wa wachongaji waliokosa ajira walitafuta kipato, na mwaka 1939 Emma Jacobsson, mke wa gavana, akaanzisha shirika la ufumaji la Bohus Stickning, lililodumu hadi 1969. Sweta zao zina kola pana ya mviringo yenye rangi nyingi, huku vitanzi vya kinyume vikichanganya rangi hadi zionekane kama zimepuliziwa. Hiyo si kazi ya kufuma umesinzia, na ilifumwa majumbani katikati ya shida.

Tazama, hata hivyo, ugumu huo umewekwa wapi. Umewekwa kwenye kola. Kiwiliwili na mikono, yaani sehemu kubwa ya vitanzi vyote, ni rangi moja na kitanzi cha kawaida. Na kwenye kola yenyewe mchoro hujirudia kila baada ya vitanzi vichache, hivyo ukikosea, mstari unaofuata unakushtaki mara moja. Ugumu unaosomeka kwenye kitambaa ni kitu kimoja, na ugumu unaotegemea kukumbuka kwamba uko mstari wa 17 kati ya 24 ni kitu kingine. Lesi nyingi ni za aina ya pili, na ndiyo maana wafumaji wazoefu hupitisha uzi mwembamba ndani ya vitanzi vyote kila wanapomaliza duru moja ya mchoro, ili wakipotea wafumue hadi hapo tu. Uzi huo ni kumbukumbu iliyotolewa kichwani na kutiwa kwenye kitambaa. Anayetaka kazi ya kumshika akili katika wiki za msiba, basi, na aichukue, ila achague inayoweza kumwambia iko wapi.

Kufiwa na mnyama ndiko kunakoijaribu hoja hii kuliko kazi mpya, maana hapa muda haupungui. Huongezeka. Mbwa alikuwa amepanga siku nzima: kutembezwa alfajiri, kutembezwa jioni, na kati ya hapo saa ya kukaa. Akiondoka, saa zinabaki tupu na sindano hazishikwi. Majonzi ya namna hii huonekana kwa Waswahili wengi kuwa ya kizungu, lakini Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha kituo cha kuchunguza uhusiano wa watu na wanyama, CENSHARE, mwaka 1981, na si kwa mzaha. Tena kitambaa kilichokuwa msaada kinaweza kugeuka kikwazo, kwani manyoya ya paka aliyelala mapajani yamefumwa humo pamoja na sufu. Hapo ninajibu nusu tu: kazi inayoweza kusubiri haimlazimishi mtu kurudi, ila humpunguzia gharama ya kukaa mbali. Wengine hufanya kinyume na kusokota uzi kutokana na manyoya ya mbwa wao. Yanayofaa ni yale laini ya ndani, yanayotoka kwa kuchanwa, si kwa kukatwa, na kwa kuwa hayana mawimbi kama ya kondoo, uzi wake ukivutwa haurudi. Kwa hiyo husokotwa pamoja na sufu, na hufaa zaidi kwa shali au skafu kuliko kwa soksi. Watu wa Coast Salish wa pwani ya Pasifiki walifuga mbwa hasa kwa ajili ya sufu. Ngozi ya mmoja wa mbwa hao, Mutton, aliyekufa 1859, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Lakini manyoya ya kusokota lazima yawe yamekusanywa kwenye brashi mnyama akiwa hai.

Limebaki pingamizi la jamii, kwamba watu humaliza kwa sababu ya wenzao. Januari 2026, misako ya uhamiaji ilipokuwa imeitikisa miji hii, duka la Needle & Skein la St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis, lilitoa muundo wa kofia nyekundu yenye kishada kwa dola 5, ili fedha ziwasaidie wahamiaji. Kofia hiyo iliiga zile ambazo Wanorwei walizivaa kuwapinga Wanazi hadi zikapigwa marufuku 1942. Ilienea haraka, na mshikamano ulifanya kazi yake. Hata hivyo waliobuni hawakuchagua sweta. Walichagua bomba la kitambaa linaloishia kwa kupunguza vitanzi, kazi ambayo hata aliyekatizwa na simu au hofu huiona kwa jicho ilipofikia.

Kitu kimoja kitambaa hakisemi chenyewe: unene wa sindano. Mtu huazima sindano kutoka kazi iliyolala ili aanze nyingine, na miezi sita baadaye hajui ilikuwa ya milimita 4 au 4.5. Wanaofuma kwa kutarajia kukatizwa huliandika hapohapo kwenye kipande cha majaribio, kwa matundu karibu na ukingo: saba kwa sindano namba 7 ya Marekani, nane kwa namba 8, na kipande chenyewe wakakifunga kwa uzi kwenye kazi.