Riwaya Nne za Likizo: Kusoma Nje ya Kitabu Teule

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, mwanafunzi wa Kidato cha Nne huenda nyumbani na riwaya teule pamoja na mwongozo wake. Aghalabu husoma mwongozo na kuiacha riwaya. Hata anayeisoma riwaya yenyewe huisoma kwa nia moja tu: kuvuna maudhui, sifa za wahusika na tamathali za kujibia Karatasi ya Tatu. Si ajabu basi kumpata mtahiniwa anayeweza kueleza maana ya taharuki ilhali hajawahi kuionja. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi za fasihi hueleweka kwa kulinganisha, na kitabu kimoja hakilinganishwi na chochote. Tunapendekeza riwaya nne za aina mbalimbali: moja kongwe, na tatu zilizochapishwa kuanzia mwaka wa 1999.

Kwa riwaya ya upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla ingali mwalimu bora. Maiti inapatikana mahali panapoogopwa, na Bwana Msa anaukabili uvumi kwa hoja. Mwanafunzi achunguze jinsi mwandishi anavyomficha msomaji habari na wakati anapozifichua. Hiyo ndiyo taharuki.

Ya pili ni *Vuta n'Kuvute* (1999) ya Adam Shafi, riwaya ya kihistoria na ya mapenzi kwa pamoja. Yasmin, msichana wa Kihindi, anamtoroka mume mzee aliyeozwa, naye Denge anapigania uhuru wa Zanzibar. Ubora wake ni kwamba historia haihubiriwi. Inapita katika maisha ya watu wa mtaani. Filamu iliyotokana nayo ilitolewa mwaka wa 2021, lakini isichukue nafasi ya kitabu. Kwa kuwa mapenzi yamesawiriwa waziwazi, mwalimu aisome kwanza kabla ya kuipendekeza kwa wanafunzi.

*Kufa Kuzikana* (2003) ya marehemu Ken Walibora ni riwaya ya kijamii. Inahusu urafiki wa vijana wawili, Akida na Tim, wanaotoka katika jamii zenye uhasama. Ilichapishwa miaka minne kabla ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya. Anayeisoma leo hawezi kukwepa swali hili: je, mwandishi alitabiri, au aliyaona yaliyokuwa yakitokea tayari? Tukikumbuka mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, jibu la pili lina uzito zaidi. Hapa mwanafunzi anajifunza uhusiano wa kazi ya fasihi na jamii bila kukariri ufafanuzi wowote.

Ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. *Bina-Adamu!* (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila ni riwaya ya kimajaribio: msafara wa kiishara duniani, unaohoji utandawazi na nafasi ya Mwafrika ndani yake. Atakayetafuta ploti ya moja kwa moja atachoka mapema. Tunakiri kwamba dokezo zake nyingi zinamtaka msomaji mwenye maarifa mapana, na kwa mwanafunzi dhaifu huo ni mzigo. Hata hivyo, ni fupi, na inamfaa mwanafunzi anayedhani kwamba kila riwaya lazima ifuate uhalisia.

Mwalimu asiigeuze orodha hii kuwa mtihani mwingine. Amwachie kila mwanafunzi achague moja, kisha shule zikifunguliwa amwombe ukurasa mmoja tu wenye majibu ya maswali matatu: Nani anasimulia? Ni habari gani iliyocheleweshwa, na kwa nini? Riwaya hii inatofautiana vipi na ile teule? Swali la tatu ndilo la msingi. Atakayelijibu kwa maneno yake mwenyewe ataifungua tena riwaya teule akiwa na jambo la kuitafutia, na mwongozo utarudi mahali pake: kando ya kitabu.